Senti Thelathini za MV Fahari

Nchi hiyo ipo, ila jina lake halitajwi hapa, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na vibali hutolewa Jumatano tu, na Jumatano ni sikukuu. Yatosha kujua kwamba ilikuwa na bara, ilikuwa na Kisiwa cha Kando, na kati yake palikuwa na bahari ya mwendo wa saa sita. Zamani watu walivuka kwa kivuko kilichonuka samaki na dizeli. Nauli ilikuwa shani elfu mbili. Ukipanda alfajiri, adhuhuri unakula kwa jamaa zako. Serikali ikakaa kikao, ikagundua kwamba kivuko kile kinawadhalilisha wananchi. Ikakiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ikakopa, ikanunua meli ya anasa ya ghorofa saba yenye bwawa la kuogelea, ikaiita MV Fahari. Na kwa kuwa anasa ya saa sita si anasa, ikaamriwa meli hiyo izungukezunguke baharini siku tatu ndipo itie nanga kisiwani.

Hivyo ndivyo Mwalimu Sikujua Makame, mstaafu aliyefundisha hesabu darasa la nne kwa miaka thelathini na moja, alivyojikuta mtalii. Utalii hakuutaka. Bintiye Zamda alikuwa ameolewa kisiwani, ana mimba yake ya kwanza, siku zimekaribia, na alikuwa amempigia simu akasema kwa sauti ndogo, "Mama, naomba uwepo." Zamda hakuwa mtu wa kuomba. Mwalimu akakusanya pensheni yake, akalipa nauli, akabakiwa na shani laki moja na elfu kumi za matumizi. Akafunga kanga za kumpokelea mjukuu, akachemsha mayai manane ya njiani, akaenda bandarini.

Kabla ya kuondoka, abiria walikusanywa kwenye sitaha wamsikilize Naibu Waziri wa Fedha, Kitengo cha Majini. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya taratibu.

"Ndugu abiria," alisema, "zipo nchi ambazo fedha yao inapita mikononi mwa wauza dagaa. Inakunjwa, inafungwa kwenye pindo za kanga, inachakaa. Sisi tumekataa. Shani yetu ni imara, na kitu kilicho imara hakichoshwi kwa matumizi. Kwa hiyo, ndani ya meli hii shani haitapokewa. Itaheshimiwa. Humu tutatumia nyota, fedha ambayo haipo mahali pengine popote duniani, na ndiyo maana hakuna adui anayeweza kuishusha thamani."

Abiria walipiga makofi, kwa kuwa palikuwa na mtu wa kuhesabu makofi.

Kila mmoja akavishwa kadi shingoni, ambayo matumizi yake yote yangeandikwa humo na kulipwa kabla ya kushuka. Afisa wa mlangoni akapokea shani elfu hamsini za Mwalimu, akazitia kwenye bahasha.

"Hizi ni za dhamana. Hatujazichukua, mama. Tumezizuia."

"Naweza kuzitumia?"

"Hapana."

"Basi mmezichukua."

"Kwa Kiswahili cha kawaida, ndiyo," afisa alikubali kwa upole. "Kwa Kiswahili cha fedha, zimezuiwa. Ukishuka bila deni utaandikiwa hundi, baada ya siku arobaini na tano za kazi."

*

Jioni ya siku ya kwanza Mwalimu alishikwa na kichefuchefu cha bahari, akaagiza chai ya tangawizi. Ililetwa kwenye kikombe kidogo kuliko kijiko chake. Mhudumu akasimama pembeni na mashine mkononi.

"Tukate kwa nyota au kwa shani, mama?"

"Si tumeambiwa shani haipokewi?"

"Haipokewi, lakini inakatwa."

Mwalimu alifikiri kidogo. Shani alikuwa anaijua. Nyota hakuwa anaijua. "Kata kwa shani, angalau nielewe nalipa nini."

Karatasi ikatoka. Chai, nyota sita. Ada ya uzalendo, nyota moja.

"Hii ya uzalendo ni ya nini?"

"Ya kuipenda fedha ya nchi yako, mama."

"Na ningesema nyota?"

"Ungelipa ada ya kukosa uzalendo. Nayo ni nyota moja. Hatubagui."

Mwalimu aliimalizia ile chai polepole, akijaribu kuionja kila nyota. Kisha akaenda kuuliza nyota moja ni shani ngapi, jambo ambalo alikiri moyoni kwamba alipaswa kulifanya kwanza.

Dirisha la Ubadilishaji lilikuwa ghorofa ya tatu. Nyuma ya kioo alikaa kijana wa miaka arobaini hivi, tai imemkaba, na juu yake palikuwa na ubao wa taa wenye viwango vitatu: kununua, kuuza, na kutazama. Kijana alipomwona alisimama.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi Kibwana. Kibwana Ngwali, darasa la nne B."

"Marahaba, Kibwana. Ulikuwa unakaa karibu na dirisha."

"Na mpaka leo, mwalimu."

Moyo wa Mwalimu ulitulia. Aliona amepata mtu. Alimwomba amweleze, na Kibwana akaeleza kwa adabu zote: nyota inanunuliwa kwa shani elfu moja na mia nne; hubadilishwa kwa mafungu ya tano tano tu, hakuna chini ya hapo; na kutazama ubao mara ya kwanza ni bure.

"Nibadilishie mafungu mawili," alisema Mwalimu, akatoa shani elfu kumi na nne. Akapewa vipande kumi vya plastiki vyenye picha ya nyota. Akavigeuza, akavirudisha palepale chini ya kioo. "Sasa nirudishie shani zangu."

Kibwana akahesabu shani elfu kumi.

"Elfu nne ziko wapi?"

"Ni gharama ya safari, mwalimu."

"Safari gani? Sijainua mguu hapa."

"Wewe hujainuka, lakini fedha imesafiri. Shani haiwezi kuwa nyota moja kwa moja. Lazima kwanza iende ng'ambo, iwe dola, ndipo irudi iwe nyota. Kwa kuwa umeirudisha, imekwenda ng'ambo mara mbili. Na fedha ya serikali haipandi daraja la tatu."

"Kibwana, nilikufundisha kutoa na kujumlisha."

"Ulinifundisha, mwalimu, na nakushukuru. Lakini ile ilikuwa hesabu ya nchi kavu."

*

Aliapa kutogusa tena kitu cha meli. Siku ya pili alikaa chumbani, akala mayai yake na chumvi, akanywa maji ya bomba. Saa tatu usiku akaitwa ofisini kwa kipaza sauti, jina lake likatangazwa ghorofa zote saba. Huko akaelezwa kwamba abiria asiyetumia anadhoofisha uchumi wa meli, na kwamba kwa kuwa mfumo umeona amekaa saa ishirini na nne bila kununua, ametozwa ada ya utulivu, nyota kumi na tatu. Aligeuka akarudi chumbani. Alijua kwamba akifungua kinywa atasema neno ambalo mwalimu hasemi, na pengine nalo lina ada yake.

Asubuhi ya siku ya tatu, saa mbili, meli ikafika kisiwani na kupiga honi. Mwalimu alikwenda dirishani wa kwanza. Chai saba, utulivu kumi na tatu, jumla ishirini. Mafungu manne, shani elfu ishirini na nane. Alilipa, akarudishiwa karatasi yenye sifuri. Wakati anaikunja, akainua macho kuangalia kama kiwango bado ni kile kile. Ni tabia ya mtu wa hesabu.

Simu ikalia. Alikuwa mkwewe, Vuai.

"Mama, ameingia chumba cha kujifungulia. Anakuuliza."

"Mwambie nashuka. Naiona bandari hapa."

Aliposimama mlangoni, kanga zake kichwani, afisa akagusisha kadi kwenye mashine. Taa nyekundu.

"Una deni, mama. Senti thelathini."

"Nina karatasi ya sifuri hapa."

"Ilikuwa sifuri. Halafu ukatazama ubao mara ya pili."

Mwalimu alitua mzigo. Nyuma ya bega la afisa aliiona ngazi, chini ya ngazi gati, na mtu akiuza machungwa kwenye gati. Hatua ishirini, hazizidi. Akatoa noti ya shani elfu moja, akamwambia achukue yote.

"Siwezi kuipokea, mama," alisema afisa. "Tunaiheshimu."

Akarudi kwa Kibwana. Kwa kuwa hakuna chini ya fungu moja, akanunua nyota tano, akalipa senti thelathini, akarudi mlangoni mbio. Taa nyekundu tena.

"Sasa huna deni," alisema afisa. "Sasa una akiba. Nyota nne na senti sabini. Kushuka nazo ni kutorosha fedha za kigeni. Ni miaka saba, mama, na mimi sitaki ufungwe. Nenda ukazitumie."

Kitu cha bei ya chini kabisa melini kilikuwa chai, nyota sita, maana ada ya uzalendo hutozwa mara moja tu kwa safari; vingine vyote vilikwenda kwa sita sita, kumi na mbili, kumi na nane. Akanywa chai akiwa amesimama. Deni, nyota moja na senti thelathini. Akanunua fungu jingine. Akiba, nyota tatu na senti sabini. Taa nyekundu. Jasho lilimtoka, na chai ilikuwa imemchoma ulimi.

*

Kwenye benchi kando ya mlango alikaa mzee mmoja mwenye koti safi na viatu vilivyopigwa rangi, kama mtu anayengoja kuitwa. Alimsogezea Mwalimu nafasi.

"Kaa kwanza," alisema. "Ukikimbia hivyo utakunywa nyingi. Mimi naitwa Tabu. Nilikuwa nakwenda kumzika kaka yangu."

"Pole sana. Amefariki lini?"

"Mwezi wa tatu."

Ulikuwa mwezi wa nane. Mwalimu akamshika mkono. Kisha akatoa kalamu, akaandika nyuma ya karatasi yake ya sifuri, akaona mara moja jambo ambalo mtoto wa darasa la nne angeliona. Mafungu ni ya tano, chai ni sita. Tano haina senti, na sita haina senti. Zile senti thelathini hazitakwisha, hata ainywe bahari nzima. Kitu pekee melini chenye senti kilikuwa kutazama ubao.

Akaandika tena. Kutazama ni senti thelathini. Mara kumi ni nyota tatu kamili. Alikwisha kutozwa mara moja; akitazama mara tisa zaidi, akiba yake itakuwa nyota moja kamili. Anywe chai moja, deni liwe tano kamili. Anunue fungu moja. Sifuri.

Alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu apande meli ile alihisi kama yuko mbele ya darasa lake.

"Kibwana," alisema dirishani, "nakuja kutazama."

"Mwalimu, utatozwa."

"Hesabu."

Akatazama ubao, akainamisha kichwa, akatazama tena. Kibwana alibonyeza kila mara, midomo ikihesabu. Moja. Mbili. Watu walisimama kumwangalia bibi anayeinua na kushusha kichwa kama anayeitikia wimbo. Tano. Sita. Kibwana mwenyewe alikuwa ameelewa hesabu ile, na uso wake ukaanza kung'aa kama wa mtoto aliyepata jibu. Saba. Nane.

Simu ya mezani ikalia. Kibwana akasikiliza, akasema "ndiyo, mheshimiwa" mara tatu, akaiweka chini kwa mikono miwili.

"Usitazame, mwalimu."

"Imebaki moja."

"Imepanda. Naibu Waziri anasema mahitaji ya kutazama yameongezeka ghafla asubuhi hii. Sasa ni senti thelathini na saba."

Mwalimu alibaki ameinamisha kichwa. Aliogopa kukiinua. Alirudi kinyumenyume mpaka akagusa ukuta, ndipo akageuka, na hapo simu yake ikaita. Vuai. Alisikia sauti za wauguzi, na nyuma yake, mbali, sauti ya Zamda ikilia kwa uchungu, ikiita mama. Ikakatika.

Alikaa kwenye benchi akafunika uso kwa kanga za mjukuu.

*

Ubavuni mwa meli, chini, palikuwa na mlango mwingine. Kupitia dirisha la duara Mwalimu aliona wapagazi wakishusha saruji, magunia ya mchele na mbuzi wanne. Kwenye gati palikuwa na mizani, na mwanamke mwenye daftari akipokea noti. Zilikuwa shani. Zilikuwa zimekunjwakunjwa.

"Pale wanapokea shani," alisema.

"Mizigo iko Wizara ya Bandari," Mzee Tabu alijibu. "Hulipiwa nchi kavu, kwa kilo. Haivishwi kadi."

"Na wewe unajua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nne."

"Kwa nini hukushuka na mizigo?"

Mzee Tabu alikung'uta vumbi ambalo halikuwepo kwenye koti lake. "Mimi ni mtu, mwalimu," alisema. "Ninangoja wanikubali hivyo."

Mwalimu alimwelewa, na kwa siku nyingine yoyote angekaa naye. "Mimi nina binti," alisema. Akavua kadi shingoni, akaiweka kwenye benchi, akateremka ngazi za chini.

Wapagazi hawakumzuia, maana kazi yao ilikuwa kushusha, si kuuliza. Akatoka nyuma ya mbuzi wa nne, akapanda juu ya mizani na furushi lake. Mwanamke wa daftari, aliyeitwa Bi Mgeni, alisoma sindano kabla ya kumtazama.

"Kilo sitini na mbili. Aina ya mzigo?"

"Bibi."

Bi Mgeni akainua macho. Akaitazama meli, akamtazama Mwalimu, akaandika: bibi, mmoja.

"Unaoza?"

"Polepole."

"Shani hamsini kwa kilo. Elfu tatu na mia moja." Alipokea noti, akazikunja, akazitia kwenye pindo la kanga yake. "Mpokeaji ni nani? Mzigo hautoki gatini bila mpokeaji kutia sahihi."

"Mkwe wangu. Lakini yuko hospitali, mke wake anajifungua."

"Samahani, dada yangu. Hata hawa mbuzi wanangoja."

Mwalimu akampigia Vuai, akamweleza, akalazimika kueleza mara tatu. Kisha akakaa juu ya mfuko wa saruji, jua la utosini, mbuzi mmoja akitafuna ncha ya kanga. Hospitali aliiona kutoka pale. Ilikuwa na paa la bluu.

Vuai alifika saa saba kasorobo kwa baiskeli ya kuazima, shati limegeuzwa ndani nje. Aliinama kumwamkia mkwewe, na Mwalimu akaona macho yake mekundu.

"Ni msichana, mama. Wote wazima. Saa sita na dakika ishirini."

Saa sita na dakika ishirini Mwalimu alikuwa gatini, anatazama paa la bluu.

"Alikuita," Vuai alisema. "Mpaka mwisho alikuwa anakuita."

Bi Mgeni akamsogezea daftari. "Sahihi hapa. Na hapa ujaze hali ya mzigo ulipofika."

Vuai alishika kalamu, akamtazama mama mkwe wake, akashindwa.

"Andika umechelewa," alisema Mwalimu.

*

Zamda alikuwa amelala ubavu, mtoto kifuani. Aliacha mama yake aketi, afungue furushi, amfunike mjukuu kwa kanga isiyotafunwa.

"Nilisikia honi ya meli," alisema. "Asubuhi, saa mbili. Nikawaambia wauguzi, mama yangu huyo amefika." Akamsogeza mtoto kifuani. "Ulikuwa wapi, mama?"

Mwalimu alikuwa na jibu refu lenye nyota na senti. Alilianza, akaliona linavyosikika ndani ya chumba kile, akaliacha.

"Nilikuwa nalipa," alisema.

Alikuwa amekusudia kukaa wiki mbili. Wiki mbili zikapita, na njia ya kurudi bara ilikuwa MV Fahari peke yake. Akakaa mwezi, akakaa miezi. Alianza kufundisha hesabu watoto wa jirani, barazani, kwa malipo ya mihogo. Mara moja kwa wiki meli ilipiga honi, na Mwalimu alikwenda gatini na mkate uliofungwa kwenye gazeti, akampa mpagazi ampelekee Mzee Tabu. Mara zote alimwona juu kule, karibu na mlango, na koti lake.

Mwisho wa mwaka ripoti ya Kitengo cha Majini ikachapishwa gazetini, ukurasa mzima, na picha ya Naibu Waziri. Ilisema mradi umevuka malengo. Ilisema kwamba kati ya abiria waliopelekwa Kisiwa cha Kando, tisini kwa mia hawakuomba kurudi, kwa jinsi walivyopendezwa na safari na uzuri wa kisiwa. Na kwamba wapo hata wengine waliopendezwa na meli yenyewe kiasi cha kukataa kushuka.

Mwalimu aliisoma mpaka mwisho, mtoto amelala mapajani mwake.

"Wanasemaje, mama?" Zamda aliuliza kutoka jikoni.

Mwalimu alilikunja gazeti mara mbili, akamfukuzia mtoto nzi.

"Wanasema nimefurahi."